Ishamba la Baba

Bugendana, Jumatatu, 1 Juni 2009

Nimeanza kuandika leo kwa sababu moja tu: kilima kizima hiki hakuna mtu wa kuongea naye Kiswahili nikashiba. Josephat, mume wangu, ameondoka alfajiri kwenda Muyinga, kule mpakani Kobero, kubeba mizigo ya malori. Watoto wanakimeza Kirundi kwa kasi ya kunitia aibu; jana yule mdogo alinisahihisha salamu mbele ya watu. Kirundi changu mimi ni cha salamu na matusi. Mama alifariki nikiwa bado wa kubebwa, na shangazi aliyenilea Ulyankulu, huko Tanzania tulikokimbilia, alikuwa mtu wa kwaya, Kiswahili kutwa kucha. Basi nitasema na karatasi. Karatasi haicheki.

Hali yetu ndiyo hii. Tulirudi mwaka jana. Tuna nyumba, na kiwanja cha kutosha kuanika nguo. Shamba hatuna. Marehemu baba aliniachia maneno tu, kwamba bondeni, chini ya kilima hiki, alikuwa na kipande chake, na kwamba huku kwao miezi ya baridi ndiyo miezi ya mboga. Tulikuwa tunamcheka. Ulyankulu mwezi wa saba ni vumbi mpaka ndani ya chai, mboga zitoke wapi?

Nazario, shefu wa kilima, yaani mkuu wetu wa hapa, ameamua hivi: kwa kiangazi hiki, ambacho wao wanakiita ici, jirani yangu Melania anigawie nusu ya kipande anacholima bondeni. Kabla ya mvua kurudi, baraza litakaa kuamua bonde ni la nani. Likithibitika lilikuwa la baba, ni langu. Likionekana halikuwa la mtu, linakwenda kwa shirika la wakulima wa mpunga, ila nusu atakayobaki nayo Melania, kwa kuwa ameilima miaka mingi. Josephat amesema tukilikosa, yeye huku harudi. Atavuka hapohapo Kobero, na mimi nifunge vyombo nimfuate na watoto. "Nimechoka kuwa mgeni kwetu, Jeska." Mimi nimechoka kufunga vyombo. Furushi la vikombe vizuri bado limefungwa tangu tufike. Josephat anasema haina maana kufungua kitu utakachokifunga tena.

3 Juni

Melania amenionyesha mpaka. Ni mjane, mtu mzima, mrefu, mkavu, mwenye macho ya kupima. Alinipima mimi, akalipima jembe langu, akapima ardhi, kisha akachora mstari kwa kisigino. Nusu yake ya juu, nusu yangu ya chini, kwenye tope. Niliona.

6 Juni

Nimelima hadi kiuno kimekataa. Nimechimba matuta ya kuzama, yale ya shimo, kama tulivyokuwa tukifanya Ulyankulu ili maji yasikimbie. Melania alisimama mpakani na jembe begani, akaangalia weee, akatikisa kichwa, akaenda zake. Wivu.

7 Juni

Kanisani. Mahubiri marefu, sikuelewa hata nusu. Niliitikia Amina penye kikohozi.

11 Juni

Haukuwa wivu.

Asubuhi nimekuta maji yamejaa ndani ya matuta yangu mpaka ukingoni, na hakuna mvua iliyonyesha! Yametoka chini. Mbegu za kabeji zinaelea. Vyura wamehamia. Nilikaa pale ukingoni nikashika tama, na ukungu wenyewe umetanda, baridi inapenya mpaka kwenye meno. Nikamkumbuka baba na mboga zake za baridi, nikamkasirikia, Mungu anisamehe.

Melania akaja. Kiswahili chake ni cha sokoni na cha redio, lakini kinafika.

"We Jeska. Kwenu mulikuwa munatafuta maji. Huku maji ndiyo inakutafuta we. Inua udongo. Maji ipite huku chini, mboga ikae huku juu."

Nikamwambia asante, kwa mdomo wa pembeni. Angeweza kusema siku ile ile akiwa na jembe begani. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, alijibu: "Hukuniuliza."

Jioni nimeanza upya. Matuta marefu, juu ya goti, na mifereji katikati.

15 Juni

Ajabu ya leo. Melania ameleta kikapu chenye kifuniko, ndani kuna miche ya pwaro, yale majani kama vitunguu ambayo watu wa mjini wanatia kwenye supu. Imefungwa kwenye jani la mgomba, mizizi ina tope lake bado. Akasema nizike shina lote, nibakize ncha tu. Nimepanda hadi jua limezama. Nilikuwa nimemhukumu mapema.

Kuna kitu sikielewi kwa wanawake wa hapa. Kila asubuhi wakiniuliza naenda wapi, najibu, "Naenda shamba!" nao wanacheka mpaka wanashikana mabega. Na mimi nacheka nao. Bora kuchekwa kuliko kununiwa. Melania tu ndiye hacheki sana. Anainamisha uso tu.

20 Juni

Baridi. Nimelala na koti. Kabeji mpya zimeota.

28 Juni

Simu iko moja tu upande wetu huu wa kilima, na ni ya Melania. Mwanawe aliye Bujumbura alimletea. Josephat akipiga, Melania anatoka uani na kupiga ukelele mmoja tu, "Jeska! Kobero!" na mimi natupa jembe na kupanda mbio. Hamwiti mume wangu kwa jina. Ni Kobero tu. "Kobero amelala salama?" "Kobero amekula?"

Josephat anasema kutoka Kabanga, mji wa ng'ambo ya mpaka, anasikia Kiswahili chetu kikipita barabarani, anatamani kukifuata. Nikamwambia pwaro zimesimama. Akauliza, "Na ardhi?" Nikamwambia baraza la kwanza, la kila mtu kutaja chake, ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao.

Jumamosi, 11 Julai

Nimesema vizuri leo. Nina hakika nimesema vizuri.

Watu walikaa kwenye majani karibu na darasa. Nazario akaita majina, kila mmoja akasimama kutaja chake. Nilipoitwa nilisimama. Nilikuwa nimejizoeza njia nzima. Nikasema kwa Kirundi, kwa sauti, ili wasidai sijui lugha ya baba yangu: "Iri ryari ishamba rya data." Hili lilikuwa shamba la baba yangu. Nikaketi. Wengine wakacheka kidogo, nikadhani ni lafudhi. Nazario alinitazama, akauliza mara mbili kama nina uhakika na neno hilo. Nikasema ndiyo, mara mbili, kifua mbele. Akatikisa kichwa, akaita mwingine.

Melania alikuwa amekaa mbele yangu. Hakugeuka. Alikuwa anachana jani la mgomba, uzi kwa uzi.

Nimepika ndizi na maharagwe, tumekula kwa furaha.

13 Julai

Nimepalilia karoti. Lengalenga, mchicha wetu ule, umefika kwenye goti. Baba angeona.

Jumatano, 22 Julai

Sijui nianzie wapi. Ngoja nianzie asubuhi.

Nimebeba lengalenga kichwani, nimetembea hadi Giheta, nikapata gari la kunifikisha Gitega mjini. Sokoni mama mmoja mnene mwenye mtandio wa kijani ameshika fungu langu, akalinusa, akalinunua lote bila maneno. Anaitwa Kulthumu, mtu wa familia za Waislamu wa pale mjini. Anauza mboga, na jioni anakaanga sambusa barazani kwake. Aliposikia Kiswahili changu alishika kichwa. "We mama, unaongea kama redio! Kaa, kaa hapa, wallahi leo huendi bila chai."

Nimekunywa chai, nimeongea mpaka taya zimechoka. Nimemhadithia yote, Ulyankulu, bonde, Melania, baraza. Na nilivyosema mbele ya watu, kwa Kirundi, kifua mbele.

Kulthumu akaweka kikombe chini.

"Ulisema namna gani? Sema tena."

Nikasema tena. Akacheka mpaka machozi yakatoka, akanipiga begani. Kisha akauona uso wangu na kicheko kikamwisha.

"Dada yangu. Mu Kirundi, ishamba si shamba. Ishamba ni pori. Ni msitu, kwenye iko nyama za porini. Shamba ni umurima. Bon, we umewaambia wote ile bonde ilikuwa pori tu. Ya baba yako, pori. Pori haina mwenyewe!"

Nilitia "i" mbele ya neno langu nikaona nimesema Kirundi. Ndiyo maana walicheka kila asubuhi, mwanamke na jembe lake anapiga kelele kwamba anakwenda porini. Ndiyo maana Nazario aliniuliza mara mbili. Na mimi mara mbili nikamwambia ndiyo. Kwa ulimi wangu mwenyewe nimelichukua bonde la baba nikawapa watu wa mpunga.

Nimerudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Sikutaka kukaa na watu.

23 Julai

Sikulala vizuri, na jambo lililoninyima usingizi ni jani la mgomba. Uzi kwa uzi. Melania anajua Kiswahili. Si kingi, lakini shamba na pori anavijua. Alikuwa mbele yangu pale pale, angegeuka kidogo tu, aseme, "Jamani, huyu kakosea." Alinyamaza. Na kwa nini asinyamaze? Bonde likithibitika la baba, ni bonde lote, na nusu yake ya juu imo. Mimi nikipoteza, yeye anabaki na chake alicholima miaka yote hiyo.

Kikapu chake kilikuwa bado kwangu, kile cha miche. Huku chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata ukiwa huna kitu, unatia ndizi moja, unatia chumvi. Nimekirudisha kitupu. Nimekiweka mlangoni kwake, kifuniko kimefunguliwa, ili aone vizuri. Alikuwa anapepeta maharagwe. Akaangalia ndani ya kikapu, akaniangalia. Nikageuka nikaondoka.

Nimejisikia vizuri sana. Mpaka nilipofika nyumbani.

27 Julai

Nimekwenda kwa Nazario kueleza kosa langu. Alinisikiliza hadi mwisho, si mtu mbaya. Akasema anaamini. Lakini neno limesemwa mbele ya watu, yeye peke yake hawezi kulimeza. Lazima asimame mtu aliyekuwepo zamani hizo, aliyeona kwa macho baba yangu akilima pale, aseme mbele ya baraza la mwisho. Nikamuuliza waliobaki ni nani. Akafikiri, akahesabu makaburi kimoyomoyo, nikamwona midomo ikicheza.

"Amebaki mmoja," akasema. "Alikuwa msichana, alichota maji pale pale. Ni Melania."

Na mimi nimemrudishia kikapu kitupu.

28 Julai

Siombi. Wala siendi.

30 Julai

Sota, wale viwavi wa udongoni, wameingia kwenye kabeji. Wanakata shina usiku, asubuhi unakuta mche umelala, mbichi kabisa, kichwa huku mguu kule. Upande wa Melania hawajagusa kitu. Hata wadudu wanajua pa kwenda.

2 Agosti

Nimekuta kikapu kwenye mpaka wetu, juu ya jiwe. Kikapu kile kile. Nikafungua kifuniko. Majivu! Kimejaa majivu ya jikoni, mpaka juu.

Majivu. Nimeelewa. Haya, kwa hiyo imefikia huko. Mimi nimempa kitupu, yeye ananipa nyumba iliyoungua. Nimekiacha pale pale juu ya jiwe. Kwa hasira nimekata karoti nzima nikidhani ni jani.

3 Agosti

Sota wamelaza kabeji nyingine. Sipiti kwenye mpaka.

5 Agosti

Mungu wangu, mimi ni mjinga wa kuandikwa.

Leo asubuhi nimemwona Melania upande wake, ameinama, anamwaga majivu kidogo kidogo kwenye miguu ya kabeji zake. Tuta hadi tuta. Na mimi mwenyewe Ulyankulu nilikuwa nafanya hivyo hivyo! Shangazi alikuwa anatutuma nyumba kwa nyumba kuomba majivu ya sota. Hasira ilinifumba macho, nikaona mazishi penye dawa.

Nimechukua kikapu, nimemwaga majivu tuta zima. Alikuwa anaona, na nilijua anaona.

9 Agosti

"Jeska! Kobero!"

Hajaacha kuniita, hata siku zote hizi za kununiana. Anapiga ukelele, anaweka simu juu ya kinu, anaingia ndani asinisikilize. Nimemweleza Josephat habari ya neno lile. Nilidhani atacheka au atanitukana. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: "Basi, mama watoto. Anza kufunga."

Nikamwambia kabeji bado hazijafunga, na mimi sifungi kabla yao.

15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Baridi imepungua. Pwaro zimenenepa kama kidole gumba.

24 Agosti

Ramadhani imeingia Jumamosi, na Kulthumu anataka kila kitu, pwaro, karoti, vitunguu vya majani, vyote vya sambusa na supu ya futari. Ametuma kijana wa baiskeli kuja kubeba huku huku. Nimeng'oa karoti za kwanza. Zimetoka na udongo mweusi, nyekundu, zimenyooka. Nikaisafisha moja kwenye nguo, nikaila palepale nimesimama. Ilikuwa tamu. Baba hakuwa mwongo.

Nimelia kidogo. Hakuna aliyeona, ila vyura.

Jumapili, 6 Septemba

Leo nimerudisha kikapu.

Nimechagua karoti nzuri, na majani yake, na pwaro juu, na kabeji moja imekaa katikati kama bibi harusi. Baada ya kanisa nikaenda. Melania alikuwa uani. Akaniona na kikapu, akaweka mikono kiunoni.

"Umekuja kuniomba niseme mu baraza?"

"Nimekuja kurudisha kikapu, mama."

Akafungua kifuniko. Akaitoa karoti moja, akaigeuza, akaipima kwa macho yale. Akaniwekea kigoda. Akaniletea pombe ya ndizi kwenye kibuyu na mirija miwili, tukanywa, jua likitugusa miguu.

Halafu akasema, haniangalii:

"Siku ile mi nilisikia. Nilijua kwenu shamba ni umurima. Kila asubui unapita hapa, naenda shamba, naenda shamba. Nilijua. Na nikanyamaza."

Nikamwambia najua.

"Baba yako alikuwa analima pale. Mi nilikuwa mtoto, natafuta maji. Alikuwa ananipa karoti." Akaweka ile ya mkononi juu ya goti. "Yote ilikuwa yake. Na huku juu kwangu vilevile. Sasa mi nikisema, mi nitalima wapi? Uniambie we."

Ningeweza kumjibu. Ningeweza kumwahidi papo hapo, na ingekuwa biashara, wewe useme na mimi nikuachie. Nilikuwa nimelifungua domo kabisa. Lakini niliona si haki kumnunua mtu kwa karoti za baba. Na zaidi ya hapo, swali lake ndilo swali langu mimi, neno kwa neno, tangu tuvuke mpaka. Nitalima wapi? Nikanywa. Yeye akanywa. Mrija ukavuta hewa.

Nilipoondoka alisema tu, "Kobero mwambie arudi kwa baraza. Mwanaume anaogopa kama kuku."

20 Septemba

Idi. Kulthumu amenitumia sambusa kwa yule kijana wa baiskeli, zimefungwa kwenye gazeti. Nusu nimempelekea Melania. Amezipima, akala zote.

25 Septemba

Josephat amefika jioni na begi lake. Amekonda. Aliliona furushi la vikombe pale pale pembeni, akakaa kando yake. Baraza ni kesho. Mawingu yamejaa upande wa mashariki.

Jumamosi, 26 Septemba

Nataka niandike polepole nisikosee kitu.

Watu wamejaa kuliko mara ya kwanza, na watu wa mpunga wamekaa mbele na kofia zao mpya. Nazario akafika kwenye kipande chetu. Akasema, mwenyewe bibi alitamka mbele yetu kwamba lilikuwa pori. Kama hakuna aliyekuwepo wa kusema vingine, litakwenda kwa shirika. Akangoja. Mbali huko kulinguruma.

Sikumtazama Melania. Nilitazama miguu yangu, nikaanza kuwaza namna ya kufunga kabeji zisivunjike njiani.

Akasimama. Nilijua ni yeye kwa sababu watu walinyamaza. Alisema kwa Kirundi, lakini taratibu, neno moja moja, kama anayesubiri mtu wa nyuma amfikie, na mimi nilielewa kila neno.

Akasema: "Kule walikomlea, shamba ni umurima. Sisi wanawake tumelijua hilo tangu mwezi wa sita. Tumecheka kiangazi kizima, kila asubuhi, na leo tunajifanya hatujui? Mimi wa kwanza. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ya tumbo langu." Akageukia watu wa mpunga. "Baba yake alilima pale, nilimwona kwa macho haya, alinipa karoti. Alilima chini, alilima na juu, pale ninapolima mimi. Yote. Na nyinyi mnaosema pori, semeni: nyumba gani hapa haijala kabeji ya huyu mwezi huu? Pori la wapi linalotoa pwaro?"

Watu walicheka. Si kile kicheko cha kwanza. Bibi mmoja nyuma akapaza sauti kwamba yeye amekula, na mwingine, na mwingine.

Melania akaketi. Akaificha mikono yake kwenye kitenge.

Nazario akasema basi, imetosha, bonde ni la baba yangu. Kisha akaniuliza mimi, na safari hii kwa Kiswahili chake cha kujikokota, ili kusiwe na kosa tena: "Yote? Na ile ya juu?"

Josephat akanivuta kitenge. "Sema yote," akaninong'oneza. "Jeska, sema yote."

Nikasimama. Nilijua akili yake inakwenda wapi, naye hana kosa, mtu aliyebeba mizigo ya wengine miezi minne ana haki ya kutaka chake. Lakini yeye hakuwepo siku ya vyura. Nikasema kwa Kiswahili, maana lugha ya mtu ni pale anapojua anachokisema: "Shefu, mpaka ubaki pale pale mama Melania alipouchora kwa kisigino. Juu yake, chini yangu. Maji yanashuka kutoka kwake kuja kwangu, nikimfukuza huko juu nani ataniambia yanakuja?"

Nazario akatafsiri. Mzee mmoja akapiga makofi mara moja tu, kama anayeua mbu, na wengine wakafuata.

Melania hakupiga. Alikuwa analia waziwazi, na kamasi, bila aibu, akinitazama kama mtu aliyekuja kulipa akakuta duka limefungwa. Na mimi nililia. Tukalia hivyo kila mmoja mahali pake mpaka Nazario akasema jamani, kuna vipande vingine.

Tulipofika mlangoni Josephat akasema, "Nusu ya chini ndiyo yenye tope." Nikamwambia ndiyo, na ndiyo yenye mboga.

30 Septemba

Mvua imeanza jana mchana, ya kweli. Mifereji imejaa, bonde linang'aa lote. Karoti za mwisho tumezing'oa kwa mbio, mimi, Josephat na Melania, tope hadi mapajani. Maji yatakaa pale hadi baridi irudi. Hapana neno. Sasa najua yanapungua lini.

Jumapili, 4 Oktoba

Melania amekuja asubuhi kunywa chai. Nilitaka kumpa kwenye kikombe cha plastiki kile tunachotumia siku zote. Josephat akainuka bila kuambiwa, akaenda pembeni, akapiga goti mbele ya lile furushi. Fundo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno. Akatoa vikombe vya Ulyankulu vyenye maua, akavifuta kimoja kimoja, akaviweka vyote mezani, hata visivyohitajika.

Melania akakipima kikombe, akanywa, akaomba sukari zaidi. Akaongea na Josephat habari za Kobero kama mtu aliyekaa huko. Alipomaliza akaliokota jembe lake mlangoni. Ana viazi kilimani vinavyongoja.

"Unakwenda wapi na tope hili, mama?" Josephat akamuuliza.

"Mi?" akasema Melania, na akaniangalia mimi, uso mkavu kabisa. "Mi naenda shamba."

Hakuna aliyecheka.